Mnara Ukianguka: Sauti Zilizokatika na Zilizorejea, Kuanzia Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kati ya Lituhi upande wa kaskazini na Mbamba Bay upande wa kusini, iko bandari ndogo iitwayo Liuli. Wajerumani waliipa jina la Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali moja lililo mfano wa sanamu mashuhuri ya Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa pwani mahali hapo ili itengenezwe. Ghafla ikatokea meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ikaanza kuipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades wa siku nyingi. Akaingia mashuani kwa hasira, akamwendea mwenzake kumwuliza kama amelewa. Akajibiwa kwamba Uingereza na Ujerumani zimo vitani, na kwamba yeye tangu saa ile ni mateka. Vita vilikuwa na umri wa siku tisa, wala Berndt hakuwa amepata habari.

Kisa hiki husimuliwa aghalabu kwa kicheko, na kwa hakika kinachekesha. Lakini ndani yake limo jambo zito. Meli ile ilipigwa kwa sababu habari za vita zilimfikia nahodha mmoja ziwani, zisimfikie wa pili. Watu wawili waliokuwa wakiogelea maji mamoja walikuwa wakiishi katika nyakati mbili: mmoja katika vita, mwenziwe katika amani iliyokwisha kufa. Tangu siku ile mpaka hivi leo, swali la mwambao wa Nyasa limekuwa hilo hilo: sauti ya mbali yafikaje huku, na ikikatika, nani huirudisha?

Siku tano kabla ya kisa cha Liuli, yaani tarehe 8 Agosti 1914, mambo mengine yalitokea Dar es Salaam ambayo yanahusiana sana na swali hilo. Manowari ya Waingereza, Astraea, ilisimama nje ya bandari ikaelekeza mizinga yake kwenye kituo cha simu ya upepo. Kituo kile kilikuwa ndicho kikubwa kuliko vyote katika koloni, na kwa mlingoti wake mrefu Wajerumani waliweza kuzungumza na meli zao baharini. Wakichelea kwamba Waingereza watashuka na kukiteka, Wajerumani wenyewe waliuangusha mlingoti. Huo ndio mnara wa kwanza wa mawasiliano ya upepo kupotea katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na ulipotezwa na mikono ya wenyewe.

Je, walifanya nini baada ya hapo? Walitegemea kilichobaki. Kulikuwa na vituo viwili vidogo kando ya Ziwa Viktoria, kimoja Mwanza na kimoja Bukoba. Waingereza walijua thamani ya masalio hayo. Mwezi Juni 1915 walivuka ziwa, wakaivamia Bukoba, na shabaha yao moja kubwa ilikuwa kukiharibu kituo kile. Mwaka uliofuata Mwanza nayo ikatwaliwa. Hivyo koloni ikawa mfano wa mtu aliyekatwa ulimi lakini akaachiwa masikio: yasemwayo na wengine yaweza kumfikia, ila yeye hana njia ya kujibu kwa sauti ya kufika mbali.

Hasara ya hali hiyo ilionekana mwezi Novemba 1917. Chombo cha angani L59 kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa kimebeba dawa, risasi na vifaa vingine kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck. Kilipofika juu ya nchi ya Sudan kikaitwa kwa simu ya upepo kirudi, nacho kikarudi, baada ya kuwa angani saa 95. Siku chache hizo hizo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Mwishoni mwa Septemba 1918 alivuka tena Ruvuma kurudi kaskazini, akapita katika nchi ya Songea, jeshi lake likila chakula cha wenyeji popote lilipopita. Vita vya Ulaya vilisimamishwa tarehe 11 Novemba. Yeye alipata habari tarehe 13, kwa barua iliyotekwa kwa adui. Siku mbili ni muda mfupi kwa mwandishi wa tarikh. Kwa mpagazi mwenye mzigo kichwani, na kwa mwenye ghala lililokuwa njiani, siku mbili ni siku mbili.

Tangu nyakati hizo vyombo vimebadilika. Simu ya upepo iliyokuwa ikigonga alama imekuwa redio yenye maneno, nyimbo na hotuba. Hata hivyo jambo moja halikubadilika katika redio ya mawimbi ya kati, nayo ndiyo itakayozungumziwa hapa: uhai wake wote umefungwa katika mnara. Yafaa kueleza sababu.

Watu wengi hudhani kwamba mnara wa redio ni nguzo ya kutundikia kitu fulani kilicho juu yake. Ndivyo ulivyo mnara wa FM, na ndivyo ulivyo mnara wa simu za mkononi: chuma hubeba, na kile kilichobebwa ndicho kinachosema. Katika mawimbi ya kati mambo ni mengine. Hapo chuma chote, tangu chini hata kileleni, ndicho kinywa. Mlingoti husimamishwa juu ya kikalio cha kauri kisichopitisha umeme, ili nguvu ya mtambo isishuke ardhini. Kamba za chuma zinazoushikilia pande zote hukatwa vipande vipande, na kati ya kipande na kipande hutiwa kauri, ili zisiibe nguvu hiyo. Urefu wa mlingoti nao hauchaguliwi kwa kupenda. Wimbi la kilohezi 1,000 lina urefu wa mita 300, na mlingoti wake aghalabu ni robo ya urefu huo, yaani mita 75. Chini yake huzikwa nyaya za shaba, mara nyingi 120, zilizotandazwa pande zote mfano wa mizizi ya mti. Bila mizizi hiyo sauti hudhoofika, hata mtambo uwe na nguvu namna gani.

Kutokana na maelezo hayo msomaji ataona tofauti ya msiba. Kituo cha FM kikipoteza mnara, chaweza kufunga antena yake fupi juu ya paa la ghorofa au juu ya mlima, na kabla ya jua kuchwa kikasikika tena. Kituo cha mawimbi ya kati hakina paa la kukichukua. Mlingoti ukianguka, kilichobaki ni chumba chenye mtambo mzima unaoweza kunguruma lakini usio na mahali pa kutolea sauti, na uwanja wenye shaba iliyofukiwa.

Mafundi wa redio wana njia nne za kutoka katika msiba huo. Njia ya kwanza ni akiba: kituo chenye busara huweka mlingoti wa pili, mfupi zaidi, uliokaa bila kazi miaka na miaka ukingojea siku mbaya. Njia ya pili ni waya. Waya mrefu huning'inizwa kati ya nguzo mbili, ukapanda juu kisha ukalala, ukaunganishwa na ile mizizi ya shaba iliyosalia. Mtambo hupunguzwa nguvu, na kituo husikika mjini, ingawa si mkoani. Njia ya tatu ni kuazima. Mlingoti mmoja waweza kusema sauti mbili za mawimbi mawili mbalimbali, maadam kuna vichujio vya kutenga sauti moja na nyingine. Kwa hiyo kituo kilichoangukiwa huomba nafasi katika mlingoti wa jirani. Njia ya nne ni kujenga upya, nayo ni ndefu kuliko zote, kwa sababu huhitaji fedha, kibali cha serikali, kiwanja, na ridhaa ya watu wanaokaa karibu.

Mifano miwili ya nchi za mbali itatosha kuonyesha jinsi njia hizo zinavyokwenda. Huko Konstantynów, nchini Poland, ulikuwapo mlingoti wa mawimbi marefu wenye kimo cha mita 646, uliokuwa mrefu kuliko jengo lolote duniani tangu mwaka 1974. Tarehe 8 Agosti 1991, yaani siku ile ile ya mwezi ambayo mlingoti wa Dar es Salaam uliangushwa miaka 77 kabla yake, mafundi walikuwa wakibadilisha kamba za kuushikilia. Upepo ukavuma, mlingoti ukapinda, ukavunjika, ukalala chini. Hakuna aliyekufa. Wapoland walirudi kwenye mlingoti wa zamani wa Raszyn, karibu na Warsaw, uliojengwa mwaka 1949 wenye kimo cha nusu tu ya ule ulioanguka. Serikali ilitaka kujenga tena mahali pale pale, lakini wakazi wa jirani walikataa, wakihofia afya zao. Mwishowe kituo kipya kilijengwa Solec Kujawski, kikaanza kazi mwaka 1999. Mnara uliangushwa na upepo katika dakika moja. Kuurudisha kulichukua miaka minane, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipotea katika kutafuta ridhaa ya binadamu.

Mfano wa pili ni wa kituo cha KFI cha Los Angeles, Marekani, kinachotangaza katika kilohezi 640. Tarehe 19 Desemba 2004 ndege ndogo iligonga mlingoti wake uliokuwa na zaidi ya mita 200. Mlingoti ukaanguka, na watu wawili waliokuwa ndegeni wakafa. Kituo kilikuwa na mlingoti wa akiba, basi kikarudi hewani upesi kwa nguvu pungufu. Mwezi Machi 2008 mlingoti mpya, kabla haujakwisha kujengwa, nao ukaanguka. Ukajengwa mwingine, ukakamilika mwaka huo huo. Kwa karibu miaka minne wasikilizaji waliendelea kupata habari zao kwa sababu mtu fulani zamani aliona vyema kuweka mlingoti usio na kazi. Akiba haiozi, walisema wahenga, na hapa maneno yao yalithibitika katika chuma.

Mifano hiyo yote miwili ni ya ufundi, na mtu aweza kudhani kwamba habari ya mnara ulioanguka ni habari ya mafundi peke yao. Historia ya redio iliyosikilizwa na Waswahili wenyewe yaonyesha kwamba sivyo. Kisa kilicho kikubwa kuliko vyote katika jambo hili ni kile cha Cairo mwaka 1956.

Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954. Maneno yake dhidi ya ukoloni yalisikilizwa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko, na watawala wa Kiingereza hawakuyapenda hata kidogo. Kwa hiyo yaliyoisibu Cairo hayakuwa habari ya Waarabu tu. Vita vya Suez vilipozuka, ndege za Waingereza zilishambulia mitambo ya kurushia matangazo iliyokuwa Abu Zaabal, nje ya Cairo, tarehe 2 Novemba 1956. Ilikuwa siku ya Ijumaa, na Gamal Abdel Nasser alihutubia watu katika msikiti wa Al-Azhar. Sauti ya Cairo ikakatika. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna fundi aliyelichora katika ramani zake. Redio ya Damascus, nchini Syria, ilifungua matangazo kwa kusema kwamba hapa ni Cairo, kutoka Damascus. Mji mmoja ulijiita kwa jina la mji mwingine, ili jina lile lisipotee hewani. Muda haukupita mwingi Cairo yenyewe ikarejea kwa mitambo yake.

Katika siku zizo hizo upande wa pili ulikuwa na kisa kilicho kinyume chake. Waingereza walikuwa na kituo cha Kiarabu katika kisiwa cha Kupro, kilichoitwa Sharq al-Adna, chenye wasikilizaji wengi kwa uzuri wa nyimbo na michezo yake. Vita vilipoanza serikali ya Uingereza ilikitwaa kituo hicho, ikakiita Sauti ya Uingereza, ikataka kiseme maneno ya vita. Watangazaji Waarabu walikataa, wakaacha kazi. Minara ya Kupro haikuguswa na bomu lolote. Ilisimama wima kama ilivyokuwa. Lakini kituo kilikosa watu wa kukisemea, na wasikilizaji wakakiacha. Mwaka 1957 kikafungwa.

Visa hivyo viwili vikiwekwa mkabala, fundisho lake ni dhahiri. Cairo ilipoteza chuma, ikabaki na watu waliokuwa tayari kuisemea, ikapona. Sharq al-Adna ilibaki na chuma, ikapoteza watu, ikafa. Mlingoti wa akiba hununuliwa kwa fedha, lakini mlingoti wa kuazima hauazimwi ila kwa mtu aliyejenga udugu kabla ya siku ya haja.

Fundisho hilo lilifika karibu sana na mwambao wa Nyasa katika miaka ya 1960. Utangazaji katika Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ukiwa na nguvu ya kufikia mji na majirani zake. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalitwaa, likawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya vita vya ukombozi. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, ilianza vita vya silaha dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964, na mkoa wa Niassa, unaopakana na Ruvuma kwa nchi kavu na kwa maji ya ziwa, ulikuwa mmoja wa uwanja wa vita hivyo. Wapiganaji hao hawakuwa na mnara hata mmoja. Radio Tanzania ikawapa nafasi katika minara yake, kama ilivyowapa pia ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na ZANU ya Zimbabwe.

Msomaji atambue uzito wa tendo hilo. Damascus iliiazima Cairo sauti kwa siku chache. Dar es Salaam iliwaazima wapigania uhuru sauti kwa miaka, hali ikijua kwamba mwenye kuazima mnara hushiriki pia uadui wa aliyeazimwa. Na watu waliokaa karibu na uadui huo walikuwa wakazi wa mpakani: Wanyasa na Wampoto wa mwambao, Wamatengo wa milima ya Mbinga, Wangoni wa Songea. Maneno yalitoka Dar es Salaam, lakini vita vyenyewe vilikuwa jirani ya mitumbwi yao.

Aidha mwambao huo ulikuwa na minara miwili iliyougombania. Malawi ilipata uhuru mwaka 1964, na shirika lake la utangazaji likaanzishwa mwaka huo huo. Kinyasa kisemwacho Mbamba Bay na Liuli ni jamaa wa karibu wa Kichewa, kwa hiyo sauti ya ng'ambo haikuwa ngeni masikioni mwa wavuvi. Kuanzia mwaka 1967 serikali mbili hizo zilibishana juu ya mpaka wa ziwa: Tanzania ikisema mpaka wapita katikati ya maji, Malawi ikisema wafuata ufuko wa Tanzania. Ubishi huo haujamalizika. Mahali penye ubishi wa namna hiyo, sauti inayosikika jioni katika nyumba ya mvuvi si jambo dogo. Mtu husikiliza aliye karibu, na baada ya muda humhesabu kuwa ni wake.

Kwa miaka mingi mawimbi ya kati na mawimbi mafupi ndiyo yaliyoibeba sauti ya Dar es Salaam hata kufika huko. Mawimbi ya kati yana tabia inayofaa nchi kama ile. Mchana hutambaa juu ya ardhi, yakapanda milima na kushuka mabonde. Usiku hurudishwa chini na tabaka za juu za anga, yakasikika mamia ya kilomita mbali. Mbinga ni nchi ya milima. Wamatengo hulima katika miteremko mikali kwa mashimo yao mashuhuri ya ngoro, ambayo huzuia udongo usichukuliwe na mvua, na kahawa yao huota katika vilele na mabega ya milima hiyo. Kutoka huko ardhi hushuka ghafla mpaka ziwani. Wimbi la FM huenda mbele moja kwa moja, kama nuru ya taa. Likikutana na mlima husimama, na nyuma ya mlima hubaki kivuli. Mwambao wa Nyasa, uliolala chini ya milima, ni nchi ya vivuli.

Hapa ndipo historia ya mnara inapogeuka. Konstantynów mlingoti ulianguka kwa kishindo, na dunia ikasikia. Katika Tanzania milingoti ya mawimbi ya kati haikuhitaji upepo wala bomu. Mitambo ilizeeka, vipuri vikawa adimu, gharama ya umeme ikapanda, na FM, ambayo ni rahisi kujenga na yenye sauti safi zaidi, ikachukua nafasi. Radio Tanzania yenyewe ikaunganishwa na televisheni ya taifa, na tangu mwaka 2007 imekuwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Hakuna tarehe ambayo watu wa mwambao waweza kuitaja wakisema siku hii mnara ulianguka. Sauti ilipungua jioni baada ya jioni, mpaka mtu akaacha kuitafuta. Na mnara unaoanguka polepole una hatari kupita ule unaoanguka ghafla, kwa sababu hauwashtui wenyewe kukimbilia waya, akiba wala jirani.

Ni haki kusema kwamba FM ina wema wake. Kituo kidogo cha karibu chaweza kuzungumzia bei ya kahawa ya Mbinga, ugonjwa wa mihogo wa Lituhi na mkutano wa kijiji, mambo ambayo mlingoti mkubwa wa Dar es Salaam usingeyajali. Mnara mdogo ukianguka, msiba wake ni mdogo na tiba yake ni ya upesi. Lakini minara midogo haiondoi haja ya akiba, huigawanya tu. Kila mlima unataka mnara wake, kila mnara unataka umeme wake na fundi wake, na kivuli kimoja kikisahauliwa, wanaokaa ndani yake hawana usiku wa kungojea ili wimbi lirudi kutoka angani.

Mtu aweza kupinga hoja ya kuazima kwa kutaja methali nyingine ya wahenga: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Atasema kwamba taifa lisitegemee mlingoti wa jirani, bali lijenge wake. Maneno hayo ni ya kweli kwa nusu. Damascus haikuifanya Cairo kuwa maskini, kwa sababu Cairo iliazima huku ikijenga. Poland iliutumia mlingoti wa zamani huku ikitafuta kiwanja kipya. Kuazima huua pale tu ambapo mwenye kuazima huacha kujenga, akaridhika na sauti ya mwingine kuwa sauti yake. Mvuvi wa Liuli akisikiliza redio ya ng'ambo kwa kuwa aipenda, huo ni ujirani mwema, na ziwa limekuwa na ujirani huo kabla ya mipaka kuandikwa. Akisikiliza kwa kuwa hana nyingine, huo ndio ufukara ambao methali inauonya.

Haja yenyewe si ya siasa peke yake. Katika miezi ya katikati ya mwaka Ziwa Nyasa hupigwa na mwera, upepo wa kusini unaoinua mawimbi makubwa na kuzamisha mitumbwi. Mvuvi anayeshuka maji jioni ahitaji neno moja tu kabla ya kuondoka: leo upepo utakuwaje. Simu ya mkononi yaweza kumpa neno hilo, maadam yuko mahali inaposhika na betri yake haijaisha. Nayo simu vilevile yategemea mnara, na mnara huo vilevile waweza kuanguka.

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na Liuli sasa imo katika wilaya hiyo mpya. Jabali lake lingali pale pale, likiangalia maji yale yale ambayo Berndt aliyavuka kwa mashua kwenda kuuliza swali lake. Yeye alikosa habari kwa siku tisa, na kosa halikuwa lake. Waliokuwa na wajibu wa kumpasha walikuwa mbali, wakishughulika na mlingoti wao wa Dar es Salaam ambao walikuwa wameuangusha wenyewe. Wajibu huo, wa kuwa na akiba kabla ya upepo, na jirani kabla ya haja, na masikio yanayotambua sauti inapoanza kupungua, ungali juu ya kila aliyepewa mnara wa kuutunza kwa niaba ya watu wanaokaa chini ya milima.